Bango la Bwana Harusi

Sehemu ya kumi na moja

Wale mlioniandikia wiki hii kuuliza kama ule mlango ulifungwa na upepo, jibu langu ni kwamba upepo hauna ufunguo. Mlango ulifungwa na mkono wa mtu, na ufunguo ukazungushwa mara mbili.

Wino aliusikia mzunguko wa kwanza akiwa bado ameikodolea macho skrini. Wa pili ulimkuta amekwisha simama. Alishika kitasa, akavuta, akasukuma, akakitikisa kama mtu anayetikisa mti. Mlango haukucheza.

Na wewe uliyeanza kusoma leo, usijione mgeni. Wino ni mchoraji wa mabango ya filamu, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, aliyepachikwa jina hilo kwa sababu ya vidole vyake visivyotakata hata avisugue kwa jiwe. Jumanne asubuhi aliitwa na shemeji yake, mume wa dada yake, aje kuchora bango la filamu mpya. Shemeji huyo ni mtayarishaji, na ndiye mwigizaji mkuu wa filamu zake zote. Mjini wanamwita Bwana Harusi, kwa kuwa filamu zake kumi na nne zote zimeisha akiwa ndani ya suti nyeupe, anaoa.

Huyo dada yake Wino hajaonwa na ndugu hata mmoja tangu mwaka jana. Nyumbani waliambiwa kwamba aliumia mkono kazini, kwamba daktari amemtaka apumzike, kwamba simu zinamchosha. Wakaambiwa hivyo mpaka wakazoea.

Katika sehemu ya wiki iliyopita, Wino alikalishwa kwenye chumba cha kuhariri, ndani ya nyumba ya Bwana Harusi, akaonyeshwa filamu. Ni kisa cha mke aliyefungiwa ndani na mumewe. Katikati ya kisa, yule mke akaulaza uso wake ukutani na kunong'ona, "Hesabu mpaka mia, mimi nipo." Maneno hayo dada yake alikuwa akimwambia Wino umeme ukikatika, enzi wanalala kitanda kimoja. Hakuna mwingine anayeyajua. Basi filamu ambayo Bwana Harusi anajigamba kuiandika mwenyewe iliandikwa na dada yake. Wino hajamaliza kulitafakari hilo, mlango ukafungwa.

Tuko pamoja sasa. Tuendelee.

"Shemeji," Wino aliita. "Mlango umejifunga."

Sauti ya Bwana Harusi ilijibu kutoka upande wa pili, laini, ile ile inayowafanya wanawake ukumbini waegemeane mabega. Alimweleza kwamba haukujifunga. Mwaka jana filamu yake iliibiwa pamoja na bango lake, ikauzwa mitaani wiki mbili kabla ya kutoka. Safari hii kilichoingia ndani kitabaki ndani mpaka Ijumaa mchana, bango litakapokwenda kwa wachapaji. Simu ya Wino iko salama kwa mlinzi getini. Chakula kitaletwa. Nyuma ya kabati kuna kitanda, na ule mlango mdogo ni wa bafuni.

Wino akatazama bafuni. Kulikuwa na taulo mbili zilizokunjwa vizuri, sabuni ambayo haijaguswa, na mswaki mpya ndani ya pakiti yake. Ule mswaki ndio uliomtia baridi. Mtu alikwenda dukani akachagua mswaki, akajua wa rangi gani.

"Unanifungia, shemeji?"

"Nakupa utulivu. Wachoraji mnapenda utulivu."

Kisha akamweleza bango analolitaka. Uso wake uchukue theluthi mbili za karatasi. Mwigizaji wa kike aegemee kifuani pake. Waridi jekundu, jua linalozama, jina la filamu kwa herufi za kujipindapinda. Wino alilijua bango hilo. Lilikwisha chorwa mara kumi na nne.

Nyayo zikaondoka. Wino akaupiga mlango mpaka viganja vikawaka. Akakimbilia dirishani, akakuta nondo nene kama kidole gumba, na hatua mbili mbele ya nondo, ukuta. Ukichungulia kwa shingo ya upande ulipata kipande cha mbingu kisichozidi upana wa leso. Akapiga kelele. Kelele zikagonga ule ukuta zikamrudia mwenyewe.

Mtu mwingine angekaa akalia mpaka Ijumaa. Wino naye alilia, sitaki kuwadanganya, alilia kama nusu saa. Halafu akanawa uso, akakaa kwenye kile kiti cha magurudumu mbele ya kompyuta, akaanza kufikiria kazi. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Siku ya mazishi ya baba yao alishika penseli, akapanga upya orodha ya majina kwenye karatasi ya ratiba kwa sababu herufi zilikuwa zimebanana.

Sasa Wino ana desturi yake moja, na wateja wake wote wanaijua. Hagusi karatasi kabla hajamjua mtazamaji. Kila Jumamosi huenda na daftari lake kwenye foleni ya ukumbi wa sinema. Huwauliza watu mambo matatu tu: umekuja na nani, ni kitu gani kwenye bango kilichokuvuta, na mara ya mwisho ulitoka umeridhika au ulijiona umedanganywa. Miaka tisa ya majibu iko kwenye madaftari hayo. Anajua kwamba wanaume hutazama mikono ya mtu kwenye bango kabla ya uso. Anajua kwamba wanawake wakija watatu, mmoja ndiye aliyechagua filamu, na huyo ndiye wa kumchorea.

Bwana Harusi aliporudi na sinia la chakula mchana, alimkuta ametulia. Wino akamwambia wazi kwamba hawezi kuchora. Si ukaidi, alisema, ila hajui anamchorea nani. Akamkumbusha ile filamu ya mshindani wake miaka mitatu nyuma, kisa cha msiba kilichochorewa bango la manjano na watu wanaocheka. Watu walikwenda na watoto wao wakitegemea vichekesho, wakatoka katikati wamenuna, na siku ya tatu filamu ikaondolewa ukumbini.

Bwana Harusi aliikumbuka. Alikuwa mtu asiyeogopa kitu isipokuwa viti vitupu. Akajikuna kidevu, akasema kutoka nje haiwezekani, kama ni watazamaji wataletwa humu humu, mmoja mmoja, naye atakuwepo.

Wino akainamisha kichwa kama aliyeshindwa. Kumbe hilo ndilo alilolitaka. Alitaka jicho lingine limwone mle ndani.

Mchana ule ule likaletwa furushi la mabango ya zamani, kama mia mbili hivi, yananuka gundi na vumbi. Wino akavua viatu, akayatandaza sakafuni, akayapanga kwa koo zake kama mtu anayepanga ukoo. Za mapenzi huku, za vichekesho kule, za vita chini ya meza, za taharuki, zile za kumkaba mtu pumzi, karibu na mlango.

Ukiyatazama kwa pamoja yanasema yenyewe. Ya mapenzi yana nyuso mbili zilizokaribiana na rangi za joto, na kuna nuru inayotoka nyuma yao isiyojulikana inatoka wapi. Ya taharuki yana mtu mmoja tu, mara nyingi ametupa mgongo. Karatasi nusu nzima iko tupu na yenye giza, herufi nyembamba, zimesimama wima kama nondo. Mtazamaji halazimiki kusoma jina. Akiwa upande wa pili wa barabara amekwisha jua kama jioni hiyo atacheka, atalia au atang'ata kucha.

Halafu akaiwasha ile filamu tena, na safari hii akahesabu. Katika dakika tisini, mume na mke hawakutazamana machoni hata mara moja. Milango iliyofungwa ilikuwa ishirini na sita. Na mwisho wake, yule mke anafungua mlango, anatoka zake, na mume anabaki kwenye kiti ameshika waridi.

Hiyo haikuwa filamu ya mapenzi. Shemeji yake alikuwa ameigiza dakika tisini za maisha ya mkewe bila kuelewa anaigiza nini, na sasa alitaka kuyafunika kwa waridi.

Jumatano asubuhi aliletwa mtazamaji wa kwanza, yule mlinzi wa getini. Mzee mwenye mwili mkubwa, alikaa ukingoni mwa kiti, kofia gotini. Bwana Harusi aliegemea mlangoni, mikono mifukoni, anachezesha funguo.

Mzee alikuwa mtu wa taharuki. Alieleza kwamba bango linalomvuta ni lile usiloona uso wa mtu, maana huo uso ndio unaoufuata ndani. Wino akaandika. Kisha akainua mchoro alioufanya asubuhi ile kwa penseli, mwanamke amesimama nyuma ya dirisha lenye nondo.

"Ukiliona hili barabarani, mzee, utasema filamu inahusu nini?"

Mlinzi aliinua macho akatazama dari, mara moja tu, kisha akayashusha haraka.

"Mtu anayesubiri," alisema.

Bwana Harusi akakohoa. Wino akaandika jibu lile kwenye daftari, na chini yake, kwa herufi ndogo, akaandika neno jingine ambalo mzee hakulitamka: juu.

Mchana akaletwa msusi. Huyu alikuwa amewasuka waigizaji wa Bwana Harusi kwa miaka minane, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko vidole. Alikiri kwamba yeye ni wa mapenzi, damu na nyama. Huenda ukumbini na dada zake wawili, na yeye ndiye anayechagua. Akiuona uso wa bosi kwenye bango, hamalizi hata kusoma jina la filamu. Wino akamuuliza ingekuwaje kama siku moja Bwana Harusi angekufa mwishoni mwa filamu. Msusi akajishika kifua.

"Akifa yeye mimi ukumbini sirudi. Na siko peke yangu."

Bosi wake akacheka kwa kuridhika. Wino akaandika na hilo.

Alipoonyeshwa mchoro wa nondo, msusi akajikunyata kidogo, akasema hata hilo angeliendea, ila mama yake mzazi angemwacha nyumbani. Angetaka tu kujua kama huyo mwanamke anatoka. Kisha, kwa kuwa hakujua kunyamaza, akaendelea kulalamika kwamba siku hizi kazi imepungua. Yule mwigizaji wa filamu hii amesafiri nchi za nje na hana mpango wa kurudi, kwa hiyo humu ndani amebakiwa na kichwa kimoja tu cha kusuka kila Jumatatu, cha mke wa bosi kule juu, nacho nywele zinakatika kwa mawazo.

"Imetosha," alisema Bwana Harusi, akamshika msusi kiwiko, akamtoa.

Sasa Wino alijua. Dada yake alikuwa juu ya kichwa chake, hatua chache kupita ile dari. Akasimama juu ya meza akaweka kiganja kwenye dari, akakaa hivyo mpaka mkono ukamfa ganzi. Hakusikia kitu.

Alhamisi asubuhi alimkabidhi Bwana Harusi daftari lake, ambamo alijumlisha majibu ya miaka tisa, akamfungulia kurasa zenyewe. Katika kila watazamaji kumi wa filamu za Bwana Harusi siku ya Jumamosi, sita ni wanawake wa kati ya miaka thelathini na arobaini na tano, walioolewa, walio kwenye ndoa miaka mingi. Mlinzi si wa kundi hilo. Msusi hajaolewa tena tangu aachike. Bila kumsikia mmoja wa hao sita, bango litakuwa kubahatisha. Na humu ndani, alisema, yuko mmoja.

Bwana Harusi alisema kwamba dada yake Wino anaumwa.

"Anaumwa mkono, shemeji," Wino alijibu. "Mimi nayataka macho."

Lilikuwa jibu la hatari. Lakini wachapaji walikuwa wanangoja kesho yake, na viti vitupu vilikuwa mbele ya macho ya yule bwana. Akakubali. Dakika kumi, mazungumzo ya bango tu, na atakaa katikati yao.

Saa saba mchana mlango ukafunguliwa, na dada yake akaingia.

Alikuwa amevaa vizuri. Hilo lilimchanganya Wino, maana alikuwa amejitayarisha kuona mtu aliyechakaa. Gauni lilipigwa pasi, nywele zilisukwa, na hereni zake zilikuwa zile za siku ya ndoa. Ila mkono wa kushoto ulining'inia kando kama kitu cha kuazima, na alipokaa aliunyanyua kwa mkono wa kulia akaupakata mapajani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekonda."

"Bango tu," alisema Bwana Harusi.

Wino akaweka michoro miwili mezani. Wa kwanza ulikuwa ule alioagizwa: uso, waridi, jua. Wa pili ulikuwa mpya. Mlango uliofungwa, kimo cha karatasi nzima, na mwanamke mmoja mbele yake, ametupa mgongo, mkono umefika karibu na kitasa lakini haujakigusa.

Dada yake aliutazama wa kwanza, akasema ni mzuri, watu watakuja. Kisha akauvuta wa pili karibu. Aliutazama mpaka Bwana Harusi akaangalia saa yake.

"Hili ningeliendea peke yangu," alisema.

Wino akauliza kwa nini peke yake, kalamu ikiwa juu ya daftari kama inavyotakiwa.

"Kwa sababu nikilia, sitaki mtu aniulize nalilia nini."

Wino akaandika. Herufi zilimtoka zimepinda. Alipoinua kichwa hakuweza kujizuia, akauliza mkono unaendeleaje. Mumewe ndiye aliyejibu. Alisimulia upesi upesi kwamba mwaka jana mwigizaji mmoja aliogopa kuigiza kuanguka kutoka baraza ya juu, na mkewe, kwa moyo wake mwema, akajitolea kushika nafasi yake. Chini palikuwa na godoro, ila akatua vibaya.

"Godoro lilikuwa chumba cha pili," alisema dada mtu, polepole, akiwa bado anautazama mchoro.

Bwana Harusi akacheka, akasema mkewe naye ana utani wake.

Msomaji wangu, hapa ndipo Wino alipofanya kosa. Nitalieleza bila kumtetea. Aliona dakika zinakwisha, aliona bango la mlango ndilo njia pekee ya dada yake kusema na watu wa nje, na akaamua kulipigania kwa silaha pekee aliyokuwa nayo, yaani kazi yake. Akainuka akazungumza. Na alipozungumza habari za kazi, hofu ilimtoka, akanoga.

Alimweleza shemeji yake kwamba filamu hii si ya mapenzi. Akamwonyesha yale mabango sakafuni, huku nyuso mbili, kule mgongo mmoja. Akamwambia kuhusu milango ishirini na sita. Kila aina ya filamu ina ahadi yake, alisema, na bango ndilo linaloitoa hiyo ahadi. Anayeahidiwa mapenzi husubiri wawili waungane mwishoni. Anayeahidiwa taharuki husubiri jambo jingine kabisa: dakika tano za mwisho lazima mtu alipe. Ukimtoa ukumbini bila mtu kulipa, atajiona amedanganywa, na keshokutwa atawaambia wenzake wasije. Uza taharuki, alimalizia, na uza mlango.

Bwana Harusi alikuwa ameacha kuchezea funguo. Alichuchumaa sakafuni kati ya yale mabango ya taharuki, akayapekua moja moja. Aliposimama, uso wake uling'aa.

Akasema Wino ana akili kuliko watu wote aliowahi kufanya nao kazi. Siku zote alihisi filamu ina kasoro, akawa hajui iko wapi. Kumbe iko mwishoni. Mke anafungua mlango, anajiendea zake, hakuna aliyelipa.

"Mtu alipe," alisema. "Nani?"

Wino alijibu kwamba kila mtazamaji atasema mume.

"Lakini mume ni mimi." Akalichukua daftari mezani, akafunua ukurasa wa jana, akasoma kwa sauti maneno ya msusi. Akifa yeye mimi ukumbini sirudi, na siko peke yangu. Akalifunga. "Umeandika mwenyewe, shemeji. Mimi siwezi kulipa. Amebaki mmoja."



Bwana Harusi akaanza kutembea kutoka ukuta hadi ukuta, anapanga kwa mikono. Mke hafiki mlangoni. Anakimbilia juu, anarudi nyuma mpaka kwenye ukingo wa baraza, anaanguka. Wataipiga picha sehemu hiyo kesho saa nne asubuhi, na picha ya bango itachukuliwa hapo hapo, mgongo mtupu, kama Wino alivyochora.

Wino akasema mwigizaji amesafiri, hayupo wa kuanguka.

"Uso wake tunao wa kutosha. Nataka mgongo tu," alijibu, "na mgongo ninao hapa nyumbani."

Dada yake hakusogea. Aliuhamisha ule mkono wake mgonjwa kutoka paja moja hadi jingine, basi. Wino akaelewa kwamba habari hii haikuwa mpya kwake, au labda hakuna habari iliyokuwa mpya kwake tena.

Wino akatamka kwamba hachori. Bwana Harusi akauchukua mchoro wa mlango, akaukunja taratibu ili usipate mikunjo mibaya, akautia ndani ya koti. Alisema wapo wachoraji wengine wa kuumalizia. Wazo tayari analo, tena ni zuri.

Hapo Wino alijiona amefika mwisho wa kila kitu. Mlango una ufunguo, dirisha lina nondo, na maneno yake mwenyewe, aliyoyakusanya kwa miaka tisa kwenye foleni za watu, yalikuwa yamegeuka ukuta mwingine. Alitafuta kilichobaki mkononi, akakuta kimoja.

"Hawezi kuigiza hiyo," alisema.

Bwana Harusi akainua nyusi.

"Mtu anayeanguka hutupa mikono yote miwili. Wa kwake hauinuki. Mtazamaji ataona, na akishaona atacheka. Watu wakicheka hapo, filamu imekufa." Akasogea mbele ya kiti cha dada yake. "Nitaanguka mimi. Kwa nyuma tunafanana. Mama hukosea mpaka leo."

"Hapana," alisema dada yake. Neno hilo lilitoka kwa sauti ambayo Wino hakuwa ameisikia tangu utotoni.

Bwana Harusi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Macho yake yalikuwa yale ya fundi anayepima kitambaa. Akawaamuru wasimame, waelekee ukutani, bega kwa bega, wavue viatu ili aone urefu.

Wakasimama. Rangi ya ukuta ilikuwa imebabuka, na puani mwa Wino kulikuwa na harufu ya chokaa na ya mafuta ya nywele ya dada yake. Alisikia hatua za yule bwana zikienda na kurudi nyuma yao. Alitazama mbele. Kisha kidole cha dada yake kikagusa chake, na sauti ikaja bila midomo kuchezeshwa, nyembamba kama uzi.

"Usikubali. Ule ukingo wa baraza ya juu umetolewa skrubu. Niliona kwa macho yangu, Jumatatu."

Wino akahesabu kichwani. Jumatatu alikuwa bado hajaitwa. Hakukuwa na daftari, hakukuwa na msusi wala mabango sakafuni, na hakuna mtu aliyekuwa ametamka kwamba mtu alipe. Ule mwisho ulikuwa umekwisha pangwa. Yeye aliletwa tu kuutafutia sababu, au aliletwa kwa jambo jingine.

Hatua nyuma yao zikasimama.

"Nimeshachagua," alisema Bwana Harusi.

Wino akafumba macho. Mkono ukatua begani kwake, mzito, wenye joto. Akashusha pumzi, akamshukuru Mungu kwamba si dada yake. Ndipo akahisi bega la dada yake, lililogusana na lake, likishtuka, akajua kwamba mkono wa pili umetua pale.

"Tutapiga mara mbili," alisema ile sauti laini. "Kwanza mkubwa, halafu mdogo. Nitatumia ile itakayopendeza."